Mafua ya Georgina

Mafua yaliingia nyumbani kwa Mwijage siku ya Alhamisi, na aliyeyaleta alikuwa mkewe, Georgina. Alirudi nayo kutoka shamba la kijiji, pua ikichuruzika, macho mekundu, akanywa chai ya mchaichai na kulala mapema. Ijumaa asubuhi alikuwa shambani tena na wenzake wakipalilia mahindi ya ujamaa. Jumamosi vilevile. Jumapili alikwenda kusali akiwa na kitambaa mkononi, na kufika Jumatatu alikuwa amebaki na kikohozi kidogo tu.

Jumatatu hiyo mumewe akaanza kupiga chafya.

"Leo siendi," Mwijage alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Ilikuwa Aprili 1975, na mvua ya manyunyu ilikuwa haijakatika tangu juzi yake.

"Huendi kwa nini?"

"Mafua."

"Haya niliyokuwa nayo mimi?"

"Hayohayo. Nipe siku tatu, Mama Theopista."

Georgina aliliweka jembe begani. Siku tatu alizijua. Walipokuwa bado wanaishi Ijuganyondo, kabla ya kuhamia kijiji hiki kipya huku Ngenge, Mwijage alikuwa na desturi ya kuaga mara tatu au nne kwa mwaka kwamba anakwenda kumwangalia shangazi yake mjini Bukoba. Alikaa siku tatu, wakati mwingine wiki, akarudi amekonda kidogo na mpole kuliko alivyoondoka. Georgina hakuwahi kumuuliza. Alikuwa ameamua moyoni mwake kwamba kuna mwanamke mjini, na walipohama mwaka uliopita alifurahi kuliko alivyoonyesha. Huku kwenye rweya, nyasi tupu hadi upeo wa macho, mjini ni mbali. Lakini siku tatu zimemfuata mpaka huku, ila sasa analala nazo kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Watu wanasema," alisema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema mume wangu ana mafua ya Jumatatu. Jumamosi uliimba kwenye arusi mpaka jua likazama. Leo huwezi kushika jembe."

Binti yao Theopista, mwenye miaka kumi na mmoja, alipita katikati yao na ndoo ya maji, akijifanya hasikii.

Shambani wanawake walimsubiri. Kokubanza, jirani yake wa ng'ambo ya uwanja, hakucheka. Alimpa tu nafasi kwenye mstari. Wengine walicheka. Mmoja alisema kwamba wapo waliooa na wapo walioolewa, na kwa Mwijage bado haijajulikana ni nani alimwoa nani. Georgina alicheka pamoja nao, kwa sababu asingecheka wangejua kwamba limemuuma. Akalima mstari wake na nusu ya mstari wa mumewe, kikohozi kikimkatisha kila mara.

*

Jumanne jioni kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ujenzi wa shule ulikuwa umefika usawa wa madirisha, na watu waliketi juu ya matofali ndani ya kuta zisizo na paa. Mwenyekiti Kaijage alisimama na daftari la mahudhurio. Hakuwa mtu mbaya. Wiki mbili nyuma aliitwa wilayani Muleba na kuulizwa mbele ya wenzake kwa nini shamba lake lina magugu kuliko ya vijiji vyote, naye alirudi na aibu hiyo kifuani, akitafuta mahali pa kuitua.

"Philbert Mwijage," alisoma. "Mwezi huu amekosa siku saba. Simama, ndugu."

Mwijage alisimama. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka. "Niliumwa, Mwenyekiti."

"Nini?"

"Kifua."

"Mwezi uliopita ulisema mafua."

"Huanza kama mafua."

Watu wakacheka. Kaijage aliinua mkono, wakanyamaza. "Una cheti cha mganga?"

"Zahanati ni mbali. Nikiwa naumwa siwezi kufika, na nikiweza kufika nimeshapona."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilisikika kama la mtoto mtoro. Hapo Kaijage akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Aligeukia upande wa wanawake.

"Mama Theopista, wewe ndiye unakaa naye. Tusaidie. Mumeo anaumwa, au haumwi?"

Georgina alihisi macho yote yakimgeukia. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema anaumwa, na mambo yangeishia kwenye kelele kidogo. Lakini alizikumbuka zile siku tatu za mjini, na kile kicheko cha jana shambani, na mgongo wake uliokuwa unamuuma mpaka pale alipoketi.

"Ana mafua," alisema. "Nami nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwambukiza. Sikukosa hata siku moja."

"Kwa hiyo?"

"Mafua ni mafua tu, Mwenyekiti."

Watu walipiga makofi. Bibi mmoja alisema kwamba kumbe mwanaume wa nyumba ile amepatikana. Georgina aliketi, uso umemchemka, na kwa dakika chache alijisikia vizuri kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Kisha akamtazama mumewe. Mwijage alikuwa bado amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayesoma barua mara ya pili ili ahakikishe ameielewa.

"Kesho nitakuwepo," alisema.

*

Alikuwepo. Alifika kabla ya wengi, akapewa mstari pembeni ya ule wa mkewe. Manyunyu yalikuwa yanaendelea na upepo wa baridi ulikuwa unavuka rweya bila kizuizi. Mwijage alilima haraka mwanzoni, haraka kupita kiasi, kama anayetaka kumaliza kabla ya jambo fulani kumkuta. Saa tatu hivi akaanza kubaki nyuma.

Georgina alimsikia kabla ya kumwona. Kwanza kikohozi kikavu, kifupi. Halafu sauti nyingine, nyembamba, kama mluzi wa mtu aliye mbali, ikitoka kila alipotoa pumzi. Aliwahi kuisikia sauti ile kitandani, mara chache, na kila mara alifikiri ni mkoromo wa mtu anayejifanya amelala. Sasa ilikuwa mchana na mtu hakuwa amelala.

Hakugeuka. Aliwaza kwamba anafanya makusudi ili amsute. Aliwaza kwamba akigeuka wanawake watamwona, na maneno yake ya jana yatakuwa ya bure. Zilikuwa zimebaki hatua kama ishirini kufika mwisho wa mstari. Aliamua amalize kwanza, kisha atazame. Akalima hatua zile ishirini, mluzi ule ukiwa nyuma yake, na hakuharakisha.

Kokubanza ndiye aliyepiga ukelele.

Mwijage alikuwa amechuchumaa kati ya mahindi, ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Georgina alipomfikia alijaribu kumlaza, naye akamsukuma kwa kichwa, kwani akilala ndipo hewa inapokwisha kabisa.

"Sema unataka nini, Baba Theopista."

Mwijage alifungua mdomo. Likatoka neno moja, kisha pumzi, kisha lingine. "Usi... nilaze."

Kaijage alikuja mbio. Alipomwona, alilitupa daftari lake kwenye tope na kuagiza machela. Wanaume wanne walimbeba akiwa ameketi, amefungwa kwa kanga ili asidondoke, na wengine wanne wakafuata ili kupokezana. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mmoja wao. Zahanati ilikuwa upande wa Kimwani, safari ya saa tatu kwa mwendo wa watu wenye mzigo. Georgina alitembea ubavuni. Kila alipoacha kuusikia mluzi aliinama kumwangalia, na kila alipousikia alitamani usiwepo.

*

Mganga wa zahanati, Nathanieli, alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi. Hakuuliza maswali mengi. Aliweka sikio mgongoni kwa Mwijage, akamchoma sindano chini ya ngozi ya mkono, kisha nyingine akaipitisha kwenye mshipa polepole sana, akitazama saa yake. Baada ya nusu saa mabega yalianza kutulia. Baada ya saa moja Mwijage aliweza kusema sentensi nzima, nayo ilikuwa ya kuomba maji.

Nathanieli alimwita Georgina nje, chini ya upenu.

"Ana pumu tangu lini?"

"Pumu? Hana pumu, waitu, mzee wangu. Ana mafua."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Nani alianza kuugua mafua nyumbani?"

"Mimi."

"Yalikuchukua siku ngapi?"

"Nne. Lakini nililima nayo."

"Sawa. Mafua yako na yake ni yaleyale. Kwako yalikaa puani yakaondoka. Mwenye pumu yanamshukia kifuani. Vile vijia vya hewa ndani ya mapafu vinavimba, vinajikaza, vinajaa makohozi. Hewa inaingia kwa taabu na inatoka kwa taabu zaidi. Mtu kama huyu, mafua ndiyo adui yake mkubwa. Ukimwongezea baridi na kazi ngumu siku hiyohiyo, ndiyo haya."

Georgina alitazama miguu yake yenye tope. "Jumamosi alikuwa anaimba."

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Ukimwacha mtu, unamwacha mzima kabisa, kama haujawahi kumgusa. Ndiyo maana wenye pumu wengi huitwa waongo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Alianza kubanwa saa ngapi?"

"Kama saa tatu."

"Mkamchukua papo hapo?"

Kaijage alikuwa ameketi kwenye benchi hatua chache kutoka pale, akikamua maji kwenye kofia yake. Georgina alijua anasikia.

"Papo hapo," alisema.

*

Mwijage alilazwa siku mbili, kwenye chumba chenye vitanda vitatu. Kesho yake mchana jua lilitoka, na Georgina akamletea uji. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, uso umemshuka, lakini pumzi inakwenda.

"Kwa nini hukuniambia?" Georgina aliuliza. "Miaka kumi na mbili."

Mwijage alizungusha kijiko kwenye uji. "Baba yako alikuwa hataki mkwe mgonjwa. Alimkataa mchumba wa dada yako kwa sababu ya mguu mbovu. Shangazi yangu akaniambia ninyamaze, nikishaoa nitasema. Nilipooa nikaona haya kusema. Mwanaume anayeshindwa na mafua."

"Zile siku za mjini."

"Nilikuwa kwa shangazi. Anakaa karibu na hospitali. Mafua yakinianza tu nilikuwa ninakimbilia kule kabla kifua hakijafunga. Walinipa vidonge. Tulipohama nilikuja navyo vingi, nikavificha ndani ya koti. Vilikwisha Februari."

Georgina alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Mimi nilijua una mwanamke."

"Najua ulijua."

"Ukaniacha niamini hivyo?"

"Ilikuwa afadhali uamini hivyo."

Georgina aliona kwamba hapa ndipo mahali pa kusema. Yeye amesema lake, aliwaza, nami niseme langu, kwamba nilimsikia nikamaliza mstari. Alifungua mdomo. Lakini Mwijage alikuwa amemshika mkono, akasema, "Kosa ni langu. Ungejuaje?" Na maneno yale mema yakaziba njia. Georgina alichukua bakuli akaenda kuliosha, akaliosha kwa muda mrefu kuliko bakuli linavyohitaji.

*

Wiki tatu baadaye mkutano uliketi tena juu ya matofali. Mwijage alikuwa amekwisha kurudi, na vidonge alivyopewa na Nathanieli aliviweka sasa mahali pa wazi, juu ya kabati. Kijijini hakuna aliyemcheka tena. Watu walimsalimia kwa adabu ya kumkwepa, kama anavyosalimiwa mtu aliyefiwa.

Katikati ya mkutano alisimama mwanamke mdogo, Jovitha, mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na mafua, tena anapumua vibaya, naye aliomba siku mbili asije shambani.

Kaijage alishusha pumzi. Alikuwa amemwona Mwijage kwenye machela na hakuwa ameisahau sura ile. Lakini magugu yalikuwa yamerudi, na barua nyingine kutoka Muleba ilikuwa mfukoni mwake, na mawazo ya mtu mmoja huweza kukaa vyumba viwili bila mlango kati yake.

"Dada Jovitha, tukianza na mafua hatutamaliza. Si mlisikia wenyewe hapa, mwanamke mwenzenu alivyosema? Mafua ni mafua tu."

Watu wachache walicheka kwa mazoea, kisha wakanyamaza walipokumbuka ni nani aliyesema na yaliyofuata. Georgina alikuwa amekwisha kusimama. Hakukumbuka kusimama.

"Mwenyekiti, maneno hayo ni yangu. Nayaondoa."

"Tumekuelewa, mama. Keti."

"Sijamaliza. Siku ile shambani nilimsikia. Alikuwa nyuma yangu, kifua kinalia. Nilimsikia kabla ya Kokubanza. Nikajifanya sisikii, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema hapa mbele yenu kwamba haumwi, nikaona aibu kugeuka. Nikamaliza mstari wangu ndipo nikageuka. Na mganga aliponiuliza nikamdanganya. Wewe ulikuwepo, ulinisikia."

Ndani ya kuta zile zisizo na paa mtoto wa Jovitha alisikika akipumua. Bibi yule aliyefurahi mkutano uliopita alishika shavu. Mwanaume mmoja nyuma alisema, si kwa sauti ndogo, "Mwanamke huyu."

Kaijage alitazama daftari lake. "Mama Theopista, hiki ni kikao cha kijiji. Kitubio ni kwa padre."

"Najua. Lakini maneno niliyasemea hapa."

Akaketi. Baada ya minong'ono na maneno mengi ya wazee, mkutano ulikubali kwamba mwenye mtoto mgonjwa akae nyumbani, na mwenye kifua apewe kazi nyingine. Jovitha aliondoka papo hapo na mtoto wake, pengine akaona haja ya kuondoka kabla hawajabadilisha mawazo. Hakumshukuru Georgina, wala Georgina hakutegemea.

Katika kusimama kwake alikuwa amemsahau mtu mmoja. Mwijage alikuwa ameketi upande wa wanaume, na aliyasikia maneno yale wakati uleule walipoyasikia watu wote.

Walirudi nyumbani kwa njia moja, yeye mbele na mkewe nyuma. Walipofika kwenye kijito Mwijage alisimama.

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilijaribu. Kule zahanati."

"Hukujaribu. Nilikuwepo."

"Ndiyo," Georgina alisema. "Sikujaribu."

Mwijage alivuka kijito. Upande wa pili akageuka na kumpa mkono avuke, kama alivyomzoeza, kisha akauachia mkono ule mapema kidogo kuliko siku zote. Mwezi ule wote alizungumza naye kwa upole na kwa maneno machache, na Georgina aliupokea upole ule kama mtu anayelipwa kidogo na kujua kwamba hata hicho hakustahili.

*

Mwezi wa Agosti, vumbi la kiangazi lilipoanza, Georgina aliamka asubuhi koo likimwasha. Alipiga chafya mara mbili. Hakusubiri ya tatu. Alikunja mkeka wake, akachukua kikombe chake, bakuli lake na shuka, akamwambia Theopista ni wapi uliko unga na ni wakati gani wa kumkumbusha baba yake vidonge, akavuka uwanja hadi kwa Kokubanza ambaye watoto wake walikuwa wakubwa na vifua vyao vizima.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Wengine walisema Mwijage amemfukuza hatimaye, na wengine walisema amechelewa kumfukuza. Kisimani wanawake walimsogelea kwa huruma iliyojaa udadisi.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Basi umemkimbia."

Georgina alijaza ndoo yake. Ingetosha kusema nina mafua. Lakini alijua kwamba akilieleza jambo hili mwisho wake watu watamsifu, mke mwema anayemlinda mumewe, na sifa hiyo hakuweza kuibeba. Aliona heri wamseme.

"Yaacheni," alisema, akajitwisha ndoo.

Siku ya tatu, mchana, alikuwa ameketi nyuma ya nyumba ya Kokubanza akipepeta maharage, kitambaa kimefungwa puani. Mwijage alikuja kupitia katikati ya mihogo. Alisimama mbali, hatua kama kumi na tano, upepo ukitokea kwake kwenda kwa mkewe. Alikuwa ametoka ghalani, ambako sasa alikuwa mtunza mazao, na vumbi la mahindi lilikuwa mabegani mwake.

"Wanasema tumeachana," alisema.

"Nimesikia."

"Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

Mwijage alifikiri. Alimtazama mkewe, na ungo, na kitambaa.

"Mimi nimewaambia," alisema. "Nimewaambia mke wangu ana mafua."

Georgina aliinamia ungo. Alitaka kumwambia asingefanya hivyo, lakini kikohozi kilimshika, na ilimbidi ageuze uso pembeni mpaka kipite. Alipoinua kichwa alidhani atakuwa ameondoka. Mwijage alikuwa amepata tofali, ameliweka palepale aliposimama, akaketi juu yake.

"Endelea na maharage yako," alisema. "Hapa mafua hayanifikii."